Kamisheni Inayoitwa Uaminifu

Miaka michache iliyopita ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilitaka kuandaa warsha ya siku nne kwa washiriki wapatao thelathini kutoka Dar es Salaam, Kampala na Kigali. Zikaletwa ankara kifani mbili. Moja ilitoka katika hoteli yenye jina kubwa la kimataifa. Nyingine ilitoka katika kituo cha mafunzo chenye vyumba safi, ukumbi wenye projekta inayofanya kazi, na jiko ambalo kila aliyewahi kula pale hulisifu. Ya kwanza ilikuwa ghali kuliko ya pili kwa karibu robo. Mwenzetu aliyepewa kazi ya kuratibu malazi akaipigania hiyo ya kwanza kufa na kupona: mara usalama, mara intaneti, mara sura ya taasisi mbele ya wafadhili. Ikapita. Wiki mbili baada ya warsha nilimkuta ameinamia simu, uso umemchanua. Alikuwa amepata pointi za kumpeleka mkewe Zanzibar wikiendi nzima.

Nilipomuuliza kama pointi zile hazikuwa za ofisi, hakukasirika. Alinijibu kwa utulivu wa mtu anayeeleza jambo linalojulikana na wote. "Dada yangu, hapo ofisi haijatoa hata senti. Hoteli inamshukuru mteja wake mwaminifu. Bili ingekuwa ileile hata kama mimi nisingekuwa mwanachama."

Jibu hilo limekaa nami muda mrefu, kwa sababu si lake peke yake. Ndivyo wanavyoamini watu wengi wanaosafiri kikazi, watu waungwana wasiothubutu kugusa masurufu ya ofisi kinyume cha utaratibu. Wanaamini kwamba pointi ni shukrani ya mwenye hoteli, kwamba hadhi hupewa aliyeonyesha uaminifu, na kwamba hakuna anayeumia. Naandika kupinga imani hiyo. Kila nilivyozidi kuisoma mipango ya hoteli ya kuwapa wageni pointi na hadhi, pamoja na masharti yake, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba pointi za safari ya kikazi ni kamisheni: malipo anayopewa mtu anayechagua, ili fedha za mtu mwingine zielekezwe mahali fulani.

Mipango hii ilianzia angani. Mei 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha AAdvantage, likawahesabia abiria maili walizoruka na kuwapa tiketi kwa maili hizo. Hoteli hazikukawia. Holiday Inn na Marriott zilianzisha mipango yao mwaka 1983, Hilton na Hyatt zikafuata mwaka 1987. Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasingepunguza bei tu, maana hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kumfurahisha mteja. Jibu liko kwa mteja mwenyewe. Anayelala hotelini mara nyingi kwa mwaka kwa kawaida si mtalii. Ni ofisa mauzo, mkaguzi wa hesabu, mhandisi, mshauri wa mradi. Chumba anachagua yeye, na bili inalipwa na mwajiri. Ukipunguza bei, anayefurahi ni mhasibu aliyebaki ofisini. Ukitoa pointi, anayefurahi ni msafiri aliyesimama mbele ya kaunta. Na mwenye uamuzi ni msafiri.

Hapo ndipo penye siri yote. Mambo mengine ni mapambo.

Tuchukue mpango mmoja na kuutazama kwa karibu. Marriott Bonvoy ni miongoni mwa mipango mikubwa kabisa duniani, na una wanachama zaidi ya milioni 200. Mwanachama wa kawaida hupata pointi 10 kwa kila dola anayolipia katika hoteli zake nyingi. Akifikisha usiku 10 kwa mwaka anakuwa Silver, usiku 25 Gold, usiku 50 Platinum, usiku 75 Titanium. Juu kabisa yuko Ambassador, ambaye pamoja na usiku 100 lazima awe ametumia dola 23,000 ndani ya mwaka huo. Kila ngazi huongeza pointi: Silver anapata asilimia 10 zaidi, Gold 25, Platinum 50, Titanium 75. Platinum ndipo utamu unapoanza hasa, maana kwenye hoteli nyingi za kundi hilo huja na kifungua kinywa, ruhusa ya kuingia sebule ya wageni maalumu, chumba kikubwa zaidi kikiwepo, na kukaa chumbani hadi saa kumi jioni siku ya kuondoka.

Sasa tupige hesabu ya huyo Platinum. Usiku 50 kwa dola 150 ni dola 7,500 kwa mwaka, kwa malazi peke yake. Tanzania ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kuwa shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Mtumishi huyo angehitaji mshahara wake wote wa miaka mitatu hivi, bila kula wala kulipa nauli, ili awe Platinum kwa mwaka mmoja tu. Hata Mmarekani wa kipato cha kati halali hotelini usiku 50 kwa fedha za mfukoni mwake. Ngazi zile zilijengwa kwa kipimo cha mtu anayelipiwa. Ukikutana na mwenye kadi ya Platinum, mara nyingi umekutana na mtu ambaye mwajiri wake ana bajeti nene ya safari.

Iweke sasa pembeni yake hali ya mfanyabiashara wa vitenge kutoka Lubumbashi anayekuja Kariakoo kila baada ya wiki sita. Analala hoteli ileile miaka yote, kwa hela yake mwenyewe, na wahudumu wanajua kwamba hapendi chumba kilicho karibu na lifti. Lakini chumba anakiweka kupitia Booking.com, kwa sababu ndiko alikojifunzia, na kule anaweza kulinganisha bei. Kwa masharti ya Bonvoy na ya mipango mingine mikubwa, usiku wake wote ule hauhesabiwi kufikia hadhi na wala haumpi pointi, maana hakuweka chumba moja kwa moja kwa kampuni. Kwa lugha ya watu, huyo ndiye mteja mwaminifu. Kwa lugha ya mpango, hayupo kabisa. Mpango hauangalii moyo wala mazoea. Unaangalia chumba kimewekwa kwa mlango upi, na kama kampuni imeepuka kumlipa dalali wa mtandaoni asilimia yake. Kampuni ina haki ya kuepuka gharama hiyo. Ila isiuite uaminifu wa mgeni.

Na kama bado kuna anayeamini kwamba hadhi hupatikana kwa kulala, azitazame kadi za mkopo. Nchini Marekani mwenye kadi ya American Express iitwayo Marriott Bonvoy Brilliant, inayotozwa ada ya dola 650 kwa mwaka, hupewa Platinum siku anapopokea kadi. Hajalala hata usiku mmoja. Hilton nao wana kadi ya Aspire yenye ada ya dola 550, inayompa mwenye nayo hadhi ya Diamond papo hapo. Kadi hizo hutolewa kwa watu wenye historia ya mikopo katika nchi hiyo. Mkaguzi wa hesabu wa Nairobi anayehangaika kati ya Entebbe, Kigali na Arusha hadi afikishe usiku wa hamsini mwezi Desemba anasimama foleni moja, kwa haki ileile ya kupewa chumba kikubwa, na mtu aliyejaza fomu ya benki akiwa sebuleni kwake Ohio. Sina ugomvi na mtu wa Ohio. Amelipa alichotakiwa kulipa. Ugomvi wangu ni na neno. Kitu kinachouzwa kwa dola 650 kina bei, na chenye bei hakiwezi wakati huohuo kuwa kipimo cha uaminifu.

Mwaka 2020 ulionyesha wazi biashara hii iko wapi hasa. Korona ilipofunga mipaka, vyumba vilibaki vitupu dunia nzima, kuanzia New York hadi Shangani. Aprili mwaka huo Hilton waliiuzia American Express pointi zenye thamani ya dola bilioni 1. Mwezi uliofuata Marriott wakapata dola milioni 920 kutoka kwa mabenki mawili wanayoshirikiana nayo kwenye kadi, milioni 570 kutoka JPMorgan Chase na milioni 350 kutoka American Express. Hapakuwa na wageni wa kushukuru, lakini pointi ziliuzika. Mabenki yalizinunua kwa jumla ili yaje yawagawie wenye kadi kila wanaponunua petroli na mboga. Pointi ni bidhaa yenye soko lake, na mnunuzi wake mkubwa ni benki. Msafiri hupewa kiasi kidogo cha bidhaa hiyo akiwa kwenye kaunta, akaambiwa ni shukrani.

Turudi kwa rafiki yangu na hoja yake kwamba ofisi haikutoa hata senti. Hii ndiyo nguzo ya imani yote, na ni hapa ninapomwomba msomaji atulie kidogo.

Watu wengi hudhani Marriott ndiyo mwenye hoteli zake. Kundi hilo lina hoteli zaidi ya 9,000 duniani, na inazozimiliki yenyewe ni chache mno. Mwaka 2014 liliponunua kampuni ya Protea ya Afrika Kusini, na kwa hatua hiyo likaingia katika miji mingi ya Afrika kwa mkupuo mmoja, lilichonunua kwa sehemu kubwa kilikuwa jina na mikataba ya kuendesha. Jengo, vitanda, jenereta na mkopo wa benki ni vya mtu mwingine: tajiri wa mjini, mfuko wa uwekezaji, wakati mwingine mfuko wa pensheni. Mwenye jengo huyo ndiye anayegharimia pointi. Kila mwanachama anapolala na kupata pointi, hoteli hutozwa asilimia ya bili yake na kuipeleka kwenye mfuko wa mpango. Mwanachama anapokuja kulala bure, mfuko humrudishia mwenye hoteli kiasi fulani: kidogo ikiwa hoteli ina vyumba vingi vitupu, na kinachokaribia bei ya soko ikiwa imekaribia kujaa.

Kwa hiyo pointi zina gharama, na gharama hiyo inatozwa kwenye bili ileile iliyolipwa na ofisi yangu. Mwenye hoteli ni mfanyabiashara. Gharama anayoijua mapema haitoi kwenye faida yake kama anaweza kuiweka kwenye bei ya chumba. Anaihesabu pamoja na umeme, sabuni na mishahara. Ofisi ililipia shuka, ikalipia mayai ya asubuhi, na ikalipia pia safari ya Zanzibar ya mratibu wake. Kwenye ankara havikuonekana vitu hivyo vyote, lakini vyote vilikuwamo.

Mwenye jengo kulipia hadhi anayoitangaza mwenye jina kunaeleza pia jambo linalowaudhi wasafiri wengi. Unafika, Platinum kamili, unaambiwa vyumba vikubwa vimekwisha, nawe umeviona vimetajwa kwenye mtandao kwamba vipo. Mhudumu wa mapokezi hakudanganyi kwa ubaya. Ameajiriwa na mwenye jengo, na mwenye jengo angependa chumba kile kimngoje mtu wa kukilipia. Ndiyo maana masharti yamewekewa lile neno dogo, "kikiwepo". Ahadi imetolewa na kampuni iliyoko Bethesda, Maryland. Wa kuitimiza ni binti wa miaka ishirini na mitatu aliye zamu ya usiku, na lawama zote anazibeba yeye.

Na kamisheni haiishii kwenye chumba cha mtu mmoja. Marriott huwapa pointi waandaaji wa mikutano pia: pointi 2 kwa kila dola inayolipwa kwa ajili ya mkutano, hadi kikomo kilichowekwa, pamoja na usiku wa kuhesabiwa kwenye hadhi. Bili ya mkutano ikiwa dola 20,000, mwandaaji anaondoka na pointi 40,000 katika akaunti yake binafsi. Sisi tunaoishi katika nchi za semina tunajua maana yake. Katika miji yetu mikuu warsha za wizara, za miradi ya wafadhili na za mashirika ya kimataifa hujaza kumbi za hoteli mwaka mzima, na anayechagua ukumbi mara nyingi ni ofisa mmoja mwenye simu moja. Ofisa manunuzi akipokea bahasha kutoka kwa muuza viti ili achague viti vyake, Tanzania tunajua pa kumpeleka: TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa. Ofisa akipokea pointi kutoka kwa muuza ukumbi ili achague ukumbi wake, tunampongeza kwa kuwa mjanja. Naelewa tofauti zilizopo kisheria, kwamba pointi zimetangazwa hadharani na zinatolewa kwa kila anayejiunga. Lakini athari kwa mwenye fedha ni ileile. Anachaguliwa kilicho ghali na mtu anayefaidika kikiwa ghali, na kadiri bili inavyopanda ndivyo pointi zinavyopanda.

Wapo waliokwisha kulijadili jambo hili hadharani. Mwaka 2002 Ujerumani ilitikiswa na kashfa ya maili za ndege: wanasiasa waliokuwa wamekusanya maili kwenye safari za kiserikali walibainika kuzitumia kwa safari zao binafsi. Gregor Gysi, aliyekuwa akisimamia uchumi katika serikali ya jiji la Berlin, alijiuzulu Julai mwaka huo. Cem Özdemir wa chama cha Kijani naye aliachia wadhifa wake. Hakuna aliyesema kwamba maili zile zilikuwa shukrani ya shirika la ndege kwa Bwana Gysi. Wajerumani waliona jambo jepesi: tiketi ilinunuliwa na umma, na kilichozaliwa na tiketi ni cha umma. Marekani ilikata vingine. Bunge lake lilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2001 inayowaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili wanazopata kwenye safari za kazi. Unaweza kuuunga mkono uamuzi wa Marekani. Una hoja zake, hasa ya kumfuta jasho mtu anayelala mbali na watoto wake. Ila angalia kwamba ilihitajika sheria. Bunge lilijua kwamba kitu hicho kilikuwa cha serikali, likaamua kukitoa kwa mtumishi. Huku kwetu taasisi nyingi hazijaamua lolote. Msafiri amejiamulia mwenyewe.

Hoja ya kufuta jasho naiheshimu. Nimesafiri kikazi na ninajua kula chakula cha usiku peke yako kwenye meza ya watu wanne, na kumwimbia mtoto wimbo wa kulala kwa simu inayokatikakatika. Anayeishi hivyo anastahili kufidiwa. Njia ya kumfidia inafahamika tangu zamani, nayo ni posho ya kujikimu: imeandikwa, ina kiwango, mkaguzi anaiona, na ofisa aliyelala gesti ya Singida anaipata kama aliyelala hoteli ya ghorofa kumi. Pointi hazina usawa huo. Anayetumwa Nairobi na Kigali anakusanya. Anayetumwa Namtumbo, akapigwa na vumbi siku nzima na kulala mahali ambapo maji yanaletwa kwa ndoo, hapati hata moja. Kama ni fidia ya mateso ya safari, imeelekezwa kwa aliyeteseka kidogo zaidi.

Anayelipa kwa fedha zake mwenyewe sina neno naye. Familia inayokuja likizo kutoka Muscat au Minneapolis ikalala usiku mbili Dar kwa pointi ilizopata kwa matumizi yake, imefaidi chake. Ningeishauri tu isizilimbikize. Masharti ya mipango hii husema kwamba pointi si mali ya mwanachama, na kampuni hujiachia haki ya kuyabadili. Haki hiyo wanaitumia. Hadi Machi 2022 Marriott walikuwa na jedwali lililoonyesha hoteli fulani inahitaji pointi ngapi; wakaliondoa, na tangu hapo idadi hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Hilton walikuwa wamefanya hivyo miaka mitano kabla. Kwa Bonvoy, usipofanya lolote kwenye akaunti kwa miezi 24, pointi zote zinafutika. Akiba ambayo mwenye duka anaweza kuibadilishia bei bila kukuuliza, itumie mapema.

Linabaki suala la heshima, na nadhani ndilo linalowavuta watu kuliko vyumba vya bure. Kuitwa jina mlangoni. Kupewa foleni yako. Naielewa hamu hiyo, maana sisi watu wa pwani tunajua thamani ya kupokewa. Lakini mila yetu ya wageni ilikwenda kinyume kabisa na ngazi hizi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: aliyefika leo ndiye anayetandikiwa mkeka mpya, na aliyekaa sana anakuwa mwenyeji, anashika kazi kama wengine. Heshima ya mgeni ilitoka kwenye ugeni wake. Haikungoja afikishe usiku wa hamsini.

Tena heshima ya kadi haikai kwa mtu wala kwa mahali. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyojengwa Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya uhuru, imewahi kubeba jina la Kempinski na leo inabeba la Hyatt. Bahari mbele yake ni ileile. Mgeni aliyejulikana pale kwa miaka alianza upya kwenye kompyuta siku bango lilipobadilika. Hilton ya Nairobi, ule mnara wa duara uliofunguliwa mwaka 1969, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2022. Mwenye Diamond aliyekuwa akilala pale aliondoka na Diamond yake, aitumie Dubai au London. Waliombebea mizigo, waliokumbuka kwamba chai yake haitiwi sukari, walitawanyika. Kama kulikuwa na uaminifu ndani ya jengo lile ulikuwa wao, na hakuna ngazi iliyowahesabia miaka yao.

Na wanachama wa Starwood, kundi jingine la hoteli, waliojiona familia kwa sababu mpango wao wa mwaka 1999 ulisifika kwa kutozuia tarehe za kulala bure, waliuzwa kwa Marriott pamoja na kampuni mwaka 2016 kwa kiasi cha dola bilioni 13. Jina la mpango wao likafutika Februari 2019. Pamoja nao zilihamishwa kumbukumbu zao, na mwishoni mwa mwaka 2018 ikatangazwa kwamba wezi wa mtandaoni walikuwa wamejipenyeza kwenye mfumo wa Starwood tangu mwaka 2014. Miongoni mwa vilivyoibwa zilikuwamo namba za pasipoti zaidi ya milioni tano ambazo hazikuwa zimefichwa kwa msimbo. Mdhibiti wa taarifa wa Uingereza aliitoza Marriott faini ya pauni milioni 18.4 mwaka 2020.

Rafiki yangu bado ni rafiki yangu, na hakuwa mwizi. Alifanya lile ambalo mpango uliandaliwa ili alifanye, katika ofisi ambayo kanuni zake za safari zilikuwa na kurasa nyingi kuhusu risiti za teksi na hazikuwa na neno hata moja kuhusu pointi. Nawaomba wakurugenzi, wahasibu wakuu na bodi za mashirika yetu waandike neno hilo. Waamue pointi za safari za kazi ni za nani. Wakiamua ni za mtumishi, waseme hivyo kwa maandishi na kwa wote, ili aliyetumwa Namtumbo naye afikiriwe. Wakiamua ni za taasisi, zikusanywe na zitumike kwa safari zijazo. Kwa vyovyote vile, anayechagua hoteli ya mkutano asiwe anayepokea pointi za mkutano huo, na kila ankara kifani ya hoteli iletwe na nyingine mbili pembeni yake. Nawe msomaji unayesafiri kesho: kabla hujabonyeza kuthibitisha chumba, jiulize kama ungekichagua kilekile endapo bili ingekuwa yako.

Kituo kile cha mafunzo bado kipo, na bei yake bado iko chini.